Supu ya Agape Haikutiwa Chumvi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa maandazi kabla hujalisoma, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mjukuu wangu Agape, mtoto wa mwanangu Loth, alianza kuvimba tukiwa kwangu Vudee. Zilianza kope, ikafuata miguu, mwisho uso mzima mpaka macho yakabaki mistari. Nikashuka naye Same kwa mama yake, Irine. Zahanati wakasema figo zinavujisha. Wakampa dawa, uvimbe ukashuka, akarudi kuwa mtoto wa kucheka na kuku.

Loth yuko Makanya kwenye machimbo ya jasi. Irine anasuka watu saluni kutwa. Ndiyo maana nesi aliniita mimi pembeni.

"Shikamoo, bibi. Wewe ndiye utakayempikia?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Basi nisikilize. Kwa sasa chumvi kwa huyu mtoto ni sumu. Hata ile ya kubana kwa vidole, hapana. Na vile viungo vya supu vya kwenye vikaratasi, usivilete karibu, vimejaa chumvi. Chemsha mifupa na karoti na kitunguu, polepole, muda mrefu. Chuja. Hiyo ndiyo umpondee viazi na ndizi, apate ladha bila chumvi."

"Nimeelewa."

"Akivimba tena vibaya, bibi, sitakuficha. Sijui kama figo zake zitarudi."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini maneno yale hayakuhitaji la tano.

Hapo ndipo nilipoachia. Haya ya leo sikutaka kuyasimulia kabisa.

* * *

Mifupa nilichukua kwa Sefu, mwenye bucha nyuma ya stendi. Sefu ana mdomo.

"Bibi wa Vudee! Leo tena magoti? Umefungua mgahawa hutualiki?"

"Ni ya mtoto."

"Mtoto gani anamaliza ng'ombe kwa wiki?"

"Nipatie yenye uboho, kelele ubaki nazo."

Nilikuwa naiosha, naichemsha mara ya kwanza, namwaga lile povu la kijivu. Halafu maji mapya, karoti, kitunguu, kipande cha tangawizi. Mkaa kidogo tu, sufuria icheke, isipige kelele. Yakipungua, naongeza. Yakipungua tena, naongeza tena. Irine akitoka asubuhi ananiacha jikoni, akirudi jioni ananikuta palepale.

"Mama, hujachoka?"

"Nimekaa tu. Anayefanya kazi ni moto."

Ikipoa ilikuwa inaganda na kutikisika kama kitu hai. Nikiponda viazi na supu ile, Agape alikuwa anagonga meza kwa kijiko kudai zaidi.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Pipa letu chini ya bati lilijaa mpaka likamwaga, nami nikawa napikia maji hayo. Nakumbuka nilifurahi, maana chai yangu ya kwanza pale Same niliirudisha mezani.

"Irine, nani amelilia humu?"

Alicheka. "Ndiyo maji ya kisima cha mwenye nyumba, Mama. Utazoea."

Mvua ilipokata, pipa likakauka, nikarudi kisimani. Na kweli nikazoea. Ulimi wa mtu hauna kumbukumbu ndefu.

Tulipompeleka Agape kupimwa mwisho wa wiki ile ya mvua, nesi alimbonyeza miguu, vidole havikuacha shimo. Akanishika mkono.

"Bibi, hiyo supu yako usiiache."

Sikuiacha.

* * *

Ndipo aliposhuka Asteria kutoka Mhezi.

Asteria ni mama yake Irine, mkwe wangu. Mwanamke mwenye sauti ya kwaya hata anapoomba maji. Alikuja kama tunavyokwenda kumwona mtoto huko kwetu milimani: kikapu cha ndizi, kuku aliyefungwa miguu, unga, sabuni, na pakiti ya chumvi juu ya vyote.

Macho yangu yalitua kwenye ile pakiti.

"Mkwe, karibu sana. Ila hiyo chumvi nitaiomba."

"Uipeleke wapi?"

"Kwa jirani. Humu ndani haikai."

Akacheka, akanipa. Nikaipeleka kwa Mwanahalima, jirani wa mlango wa pili anayekaanga vitumbua. Hata chumvi yetu wenyewe ya nyumba ilikuwa imehamia huko. Tuliotaka chumvi tulikwenda na sahani zetu kwa Mwanahalima kama watu wa kuomba moto.

Mchana Asteria aliionja supu. Alikunja uso, akaigeuzageuza mdomoni.

"Mkwe, hii ni supu au umesuuzia vyombo?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Tazama mashavu hayo! Maskini mjukuu wangu, amekuja duniani hajaonja dunia."

"Ataonja akipona."

"Sisi tuliwalea wanane kwa makande yenye chumvi, nani alivimba?"

Tangu saa ile, kila alipoingia jikoni nilihesabu mikono yake.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja Irine alinyanyua chandarua akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama! Macho yake!"

Kope za Agape zilikuwa zimejaa kama maharage yaliyolala majini.

* * *

Zahanati nesi alipima mkojo, akaangalia kijiti, akaangalia sisi. Tulikuwa watatu tumejipanga kwenye benchi: mimi, Irine, Asteria.

"Chumvi inaingia," alisema.

"Hapana," nikasema.

"Bibi, inaingia. Sijui kwa mlango gani, lakini inaingia. Nani anampikia?"

"Mimi peke yangu."

"Nani mwingine anaingia jikoni?"

Nilihisi bega la Asteria likisogea mbali na langu.

Nesi akaongeza dawa. "Mleteni Jumatatu. Akizidi kabla ya hapo, akilala halafu haamki vizuri, msisubiri gari la asubuhi. Mkimbizeni. Na tafuteni huo mlango."

Njia nzima ya kurudi Agape alikuwa mgongoni kwangu, mzito kuliko alivyopaswa kuwa. Uzito ule ulikuwa wa maji.

Nikajiapiza. Nilipachika kufuli kwenye kabati la jikoni, ufunguo nikauvaa shingoni. Sufuria sikuiacha hata kwa kwenda chooni. Nilimwita Mwanahalima asimame mlangoni.

"Bibi Agape, unalinda supu au benki?"

"Simama hapo, nakuja."

Na supu yenyewe nikazidi kuipika. Nilijiambia labda haina nguvu ya kutosha. Nikaichemsha hadi inakuwa nzito kama uji mwepesi, nikiongeza maji, nikiongeza maji. Viazi nikapunguza, supu nikazidisha. Asubuhi supu, mchana supu, jioni supu kwenye kikombe chake chenye masikio mawili.

Agape alizidi kuvimba.

Soksi zilimwachia pete kwenye kifundo cha mguu. Akawa halii sana. Mtoto aliyekuwa anagonga meza kwa kijiko akawa anakishika tu, anakitazama.

Irine akaanza kunitazama mimi.

"Mama, usikasirike. Labda ulisahau. Mkono ukizoea kutia chumvi unatia wenyewe."

"Chumvi iko kwa Mwanahalima, mwanangu. Mkono wangu uruke ukuta?"

"Sasa inatoka wapi?"

"Si mimi niliyekuja na pakiti."

Nilisema. Neno lilishatoka, na Asteria alikuwa mlangoni na ndoo.

* * *

Kesho yake nilijisahau nikatoka uani kuita kuku, nikarudi, nikamkuta ameinama juu ya sufuria. Mfuniko mkono mmoja. Kidole cha mkono mwingine kinywani.

"Umetia nini?"

"Naonja."

"Umetia nini, Asteria?"

Sikumwita mkwe. Nilimwita jina lake kavu, mama wa mke wa mwanangu, mbele ya binti yake. Huko kwetu neno la namna hiyo haliokotwi tena.

"Nimekwambia naonja! Nilitaka kujua kama wewe ndiye unayemtilia."

"Mimi nimwue mjukuu wangu?"

"Na mimi ni wa nani? Huyu alitoka tumboni kwa nani?"

"Nionyeshe mikono."

"Sikuonyeshi."

"Nionyeshe mikono yako!"

Aliinua yote miwili, ameitandaza, karibu na uso wangu. Ilikuwa mitupu. Nami nikaenda mbele zaidi kuliko pale, nikashika pindo la kanga yake na kulipapasa kama askari. Pindoni palikuwa na nauli yake na pipi moja ya Agape.

Irine alikuwa analia, simu sikioni. Alikuwa amempigia Loth.

"Weka spika," Loth alisema. Nyuma yake mitambo ilinguruma. "Mama, shikamoo. Mama mkwe, shikamoo. Nimechoka. Mtoto ana bibi wawili na hana pa kupona. Mama mkwe atamchukua Mhezi mpaka Jumatatu, Irine aende naye. Tutajua."

"Loth, mwanangu..."

"Tutajua, Mama. Uvimbe ukishuka huko, tutajua. Akivimba huko, pia tutajua."

Asteria alijifunga kanga yake upya, taratibu. Alipofungua mdomo, sauti ya kwaya haikuwemo.

"Sawa. Lakini sitapika changu, isije ikasemwa nimetia mkono. Irine, mimina supu yote ya mama mkwe wako kwenye chupa ya chai. Iliyobaki tia kwenye kindoo chenye mfuniko. Funga na ile mifupa ya kwa Sefu."

"Mama, kule ipo mifupa."

"Yake! Nabeba mifupa yake. Na lile dumu la maji lililojaa, nabeba. Nitachemsha maji yake, mifupa yake, kutwa nzima kama anavyofanya yeye, na hakuna kitu kingine kitakachopita mdomo wa huyu mtoto. Akivimba kwa chakula chako wewe, mkwe, utamwambia Loth nani alitia."

Akanifungia kwa hesabu ambayo sikuwa na pa kuitokea.

Gari la mlimani hupakia karibu na soko. Niliwasindikiza hadi kwenye kona tu. Asteria hakutaka nifike. Agape alikuwa mgongoni kwa Irine, kichwa kimelalia upande, na nilipomwita hakugeuka. Dumu la maji lilitangulia juu ya bega la kondakta.

* * *

Nilirudi kwenye nyumba tupu nikafanya kile mwanamke anachofanya akikosa cha kufanya. Nikaosha vyombo.

Mwanahalima alipita na beseni la vitumbua, akachungulia.

"Bibi Agape, pole. Nimesikia. Mtaa mzima umesikia." Akaitazama sufuria. "Na hii nayo imezeeka ghafla. Mbona imeota mvi?"

"Mvi gani?"

"Si hizo."

Pembeni mwa sufuria, pale juu ambapo supu ilikuwa inapanda na kushuka, palikuwa na pete nyeupe. Nilikuwa nimeiona kila siku. Nilikuwa naisugua kila siku na kuiona tena, nikidhani ni mafuta ya mifupa.

Upawa ulikuwa juani tangu asubuhi. Nao ulikuwa umepakwa weupe, mkavu, wa kuparuza.

Sijui kwa nini niliulamba.

Mwanahalima akacheka. "Njaa hiyo?"

Nikaulamba tena, upande wa pili.

"Mwanahalima. Haya maji ya kisima, nyie mnayaonaje?"

"Tumezaliwa nayo, hatuyaoni tena. Wewe ndiye uliyeyatukana siku ya kwanza. Si ulisema chai ya Same imeliliwa na mtu?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majimaji.

Huko kwetu mlimani maji ni maji. Yanatoka kwenye jiwe, unakinga, unapika. Hakuna anayeuliza ndani yake kuna nini. Mwambie mtu wa Vudee usitie chumvi, ataificha pakiti, basi kazi imeisha. Wazo la kwamba mtu anaweza kuichota kwa ndoo halipo vichwani mwetu.

Ila nilikuwa na bibi yangu mimi, aliyekuwa anashuka tambarare na vyungu. Yeye na wenzake walichota udongo wa kule chini, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha yale maji, wakaongeza mengine, wakachemsha, kutwa. Jioni chunguni kunabaki kitu cheupe. Tulikuwa tunagombania kuchovya vidole. Alikuwa anatuambia siri yake ni moja tu, kutochoka kuongeza.

Nikainuka. Nikachota maji ya kisima, nikayamimina kwenye kikaangio, nikapuliza mkaa. Yakachemka, yakapungua, nikaongeza. Mwanahalima alikuwa ameacha kucheka. Beseni lake alishaliweka chini.

Yalipokauka, kikaangio kilikuwa cheupe.

Nikachovya kidole. Nikampa naye akachovya. Alitema kwenye kiganja.

"Ya Rabi. Na wewe ulikuwa unachemsha kutwa."

"Kutwa."

"Wiki ya mvua je?"

"Wiki ya mvua alipona."

Hatukutazamana. Kile alichoniagiza nesi, polepole na muda mrefu, nilikuwa nakifanya kwa moyo wote, na kila nilipoongeza upendo niliongeza chumvi. Asteria hakutia kitu. Mimi sikutia kitu. Na sasa chupa nzima ya ile supu, kindoo chake, mifupa, na dumu la maji vilikuwa vinapanda mlima pamoja na mtoto, mikononi mwa mwanamke aliyeapa kwamba hatampa kingine.

* * *

Simu yangu ni kitochi, lakini sauti inayo. Nikampigia Irine. Haipatikani. Nikampigia tena. Haipatikani.

Nikampigia Asteria. Iliita mpaka nikakata tamaa, ndipo ikapokewa. Gari lilikuwa linaunguruma kwenye mawe.

"Haloo! Kama ni msamaha, ngoja niweke spika, gari zima lisikie."

"Mkwe, usimpe supu."

"Sema kwa nguvu."

"Usimpe ile supu! Ina chumvi!"

Hata mngurumo wa gari ulionekana kupungua. Kisha nikamsikia Asteria akisema na watu, kwa ile sauti yake ya kwaya iliyorudi yote.

"Mmesikia? Amesema mwenyewe. Jamani, mmesikia?"

"Si mimi, ni maji! Maji ya kisima, mkwe. Nimeyakausha kwenye kikaangio, yamebaki meupe..."

"Sasa maji! Watu wa Same wote wanakunywa maji hayo, mbona hawajavimba wakapasuka? Kwanza mikono yangu, sasa maji. Kesho utasema ng'ombe wa Sefu alilamba magadi."

"Amekunywa? Niambie, amekunywa?"

"Amekunywa kikombe kizima tulipokaa kusubiri gari lijae. Sasa amelala. Na akiamka atapewa kingine, usijali, mpaka Loth aone mwisho wake."

"Mwamshe."

"Nini?"

"Mwamshe Agape, mkwe. Nesi alisema nini? Mwamshe nimsikie sauti."

Nilisikia Irine akimwita mwanawe. Kwanza kwa kawaida. Mara ya pili akavuta jina. Mara ya tatu aliliita kama alivyoita asubuhi ile kwenye chandarua, na hapo mlima ukaingia katikati yetu. Simu ikafa.

* * *

Nilipiga mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Namba unayopiga haipatikani. Mwanahalima alikuwa amekwenda mbio zahanati kumtafuta nesi, vitumbua vyake vimebaki kwangu vinaliwa na nzi.

Simu ikaita. Alikuwa Loth. Safari hii mitambo ilikuwa imezimwa nyuma yake, kimya kitupu.

"Mama. Mama mkwe amenipigia, wamepata mtandao kwenye kona. Anasema umekiri mbele ya gari zima."

"Agape ameamka?"

"Nijibu kwanza. Umetia chumvi kwenye supu ya mtoto, ndiyo au hapana?"

"Loth, ni maji ya kisima. Ukiyachemsha sana..."

"Mama! Maji hayo hayo mimi nayanywa. Irine anayanywa. Usinizungushe." Alikuwa anahema. "Mama mkwe anasema hivi. Kama hukutia kitu, basi supu ni nzima, ni dawa aliyoisifu nesi, na ataendelea kumpa hiyo hiyo mpaka Jumatatu. Kama ulitia, anaimwaga sasa hivi hapo barabarani. Wamesimamisha gari. Wanasubiri jibu lako. Ndiyo au hapana?"

Nilitazama kikaangio. Nilikitazama kile cheupe, nikamwona bibi yangu amechuchumaa kwenye chungu chake.

Ningesema hapana, ningekuwa nimesema kweli tupu, na wangemimina kikombe kingine.

"Ndiyo," nikasema.

Nikasogeza simu karibu na mdomo.

"Ndiyo, Loth. Nimetia. Mwambie amwage yote. Ya kwenye chupa, ya kwenye kindoo, mifupa atupe. Na dumu la maji alimwage."

"Dumu?"

"Nimetia na humo. Asimbakizie hata tone. Ampe maji ya kule mlimani peke yake, na wageuze gari, wamrudishe zahanati. Usiniulize kitu, mwambie sasa."

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto niliyembeba nikivuka naye mto wakati wa masika. "Kwa nini?"

Jibu la kweli lingeokoa jina langu, lakini lingerudisha kikombe mdomoni kwa Agape.

"Usitoke hapo nyumbani," alisema. "Nampigia mwenyekiti wa mtaa."

"Loth, ameamka? Niambie hilo tu. Agape ameamka?"

Alikuwa ameshakata.

Nikabaki na kitochi mkononi na maneno yangu yale hewani. Ndipo nikakumbuka kwamba nesi akija lazima nimwonyeshe. Nilichukua kisu, nikakwangua kikaangio chote, ule unga mweupe nikaukusanya kwenye pindo la kanga yangu, nikafunga fundo, na fundo jingine juu yake. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kunisemea.

Pikipiki ilisimama nje. Hodi yenyewe haikungoja karibu. Mzee Abubakari, mwenyekiti wa mtaa wetu, aliingia na mgambo nyuma yake, kofia kaivua, na uso wake haukuwa wa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto ameamka?"

Alitazama jiko, akatazama sufuria yenye mvi, akanitazama mimi kuanzia kichwani. Macho yake yakashuka polepole mpaka kiunoni, yakasimama.

"Bibi," alisema, "hicho ulichokifunga kwenye kanga ni nini?"